Maswali kwa Maalim: Mnyoo usiyemuona, jina umelijuaje?

*Assalaam alaykum Maalim. Nalima tungule na bilinganya nyuma ya nyumba, hapa Konde. Vuli hii miche imedumaa. Jua likikaza tu inanyong'onyea, hata kama asubuhi nimeimwagia maji. Nimeng'oa mmoja nikakuta mizizi imefanya manundu kama vidole vya bibi mwenye baridi yabisi. Muuza dawa kaniambia udongo wangu una minyoo, nimwage dawa wafe wote. Mtoto wa dada yangu, ambaye anasoma, kasema minyoo wako wa kila namna na wengi hawana dhara. Nimsikilize nani? Na hao wanaosema huyu mnyoo fulani, yule fulani, wanawajuaje na hawaonekani kwa macho?*
*Mama Tungule, Konde, Pemba*

Waalaykum salaam, Mama Tungule. Msikilize mtoto wa dada yako, na hiyo dawa iache dukani kwanza.

Konzi moja ya udongo wa bustanini kwako ina maelfu ya minyoo. Wengi hawafiki hata milimita moja kwa urefu, ni wembamba kuliko unywele, na mwili wao hauna rangi, mwanga unapita kama kwenye kioo. Minyoo wa jamii hii huitwa nematodi, na mpaka leo waliokwisha kupewa majina ni zaidi ya 25,000, pamoja na wa baharini na wa ndani ya wanyama. Wanaokula mimea ni kama 4,000 na kidogo. Waliobaki udongoni wengine wanakula bakteria, wengine ukungu, na wengine wanakulana wao kwa wao. Ukimwaga sumu unamuua mlinzi na mwizi pamoja, kisha mwizi ndiye wa kwanza kurudi.

Lakini manundu yako nayajua. Osha mzizi taratibu ndani ya bakuli, usiusugue. Chukua wembe mpya, pasua nundu moja kwa urefu, halafu tazama kwa lenzi ya mkononi ya mara 10. Ndani utaona kitone cheupe kinachong'aa kama chembe ya sago iliyoiva, umbo lake kibuyu chenye shingo nyembamba. Huyo ni jike. Aliingia mzizini akiwa mtoto mwembamba kama uzi, akakizamisha kichwa karibu na mishipa ya mmea, akaanza kunyonya, akavimba, na hapo hapo atafia. Nje ya nundu kuna kitonge cha utelezi, rangi ya kahawia. Hayo ni mayai yake, mia kadhaa kwa jike mmoja. Na hawa wanaotusumbua sisi wa nchi za joto wala hawamngojei dume. Jike anazaa peke yake.

Ukoo huo unaitwa Meloidogyne, na mabwana shamba wetu huwaita minyoo fundo. Jina hilo lilitolewa mwaka 1887 na Emil Göldi, Mswisi aliyekuwa akichunguza mibuni iliyokuwa ikifa kule Brazil. Kwa Kigiriki maana yake ni jike mfano wa tofaa. Angekuwa Mpemba angesema kibuyu, na angekuwa karibu zaidi na ukweli.

Kitu kimoja kabla sijasahau. Kama pembeni una kunde au choroko, usije ukaona vinundu kwenye mizizi yake ukapiga kelele. Vinundu vya kunde vimebandikwa ubavuni mwa mzizi, ukivisukuma kwa ukucha vinabanduka, na ukivipasua vina wekundu ndani. Hivyo ndivyo vinavyorutubisha ardhi. Nundu la mnyoo halibanduki kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Nimeshaona mtu kang'oa tuta zima la kunde nzuri kwa kosa hili.

Sasa, wanajulikanaje. Wale wanaotembea udongoni tunawatoa kwa njia ambayo hata jikoni kwako inawezekana. Tandika tishu mbili juu ya chujio pana, mwaga juu yake udongo wa kikombe kimoja, weka chujio ndani ya sinia, kisha mimina maji taratibu kwa pembeni mpaka yaguse udongo kwa chini. Acha mchana na usiku. Minyoo hai watajipenyeza kwenye tishu na kushukia majini, udongo utabaki juu. Asili ya njia hii ni faneli ya Baermann ya mwaka 1917, huko nchi inayoitwa leo Indonesia. Ya sinia ilipimwa na kuandikwa na watafiti Whitehead na Hemming mwaka 1965.

Zingatia neno hai. Mwaka wangu wa pili kazini nilipokea udongo wa migomba kutoka Mkoani. Ulivuka kwa meli ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, umewekwa juu ya sitaha, jua la kaskazi likiupiga tangu asubuhi. Nikautia siniani. Kesho yake maji yalikuwa safi kama ya kunawia, nami nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: hakuna minyoo. Miezi mitatu baadaye mwenye shamba alivuka mwenyewe na kisiki cha mgomba begani. Mgomba ulikuwa umeanguka na mkungu wake, mizizi imekatika, myeusi. Hakunigombeza. Alikiweka tu juu ya meza yangu akaomba maji ya kunywa. Minyoo walikuwa wamekufia mfukoni, na maiti hapenyi kwenye tishu. Kwa hiyo udongo unaotaka upimwe ufunge usikauke, uweke kivulini, ufike upesi.

Wakishatoka tunawatia tone moja la maji juu ya kioo, tunakipasha moto kidogo wanyamaze, na hadubini inaanzia mdomoni. Mla bakteria mdomo wake ni bomba wazi, na chini ya koo ana kifundo chenye vali; akiwa hai unaiona inapigapiga kama moyo. Mla mimea ana mkuki mdomoni, wenye tundu kama sindano ya hospitali, na wengi wao mkuki huo una vifundo vitatu kwenye shina lake. Mla ukungu kama Aphelenchus naye ana mkuki, ila mwembamba, na kifundo cha katikati ya koo lake ni kikubwa hata kinakaribia kujaza upana wa mwili. Jamaa ya Dorylaimus, ukoo mwingine, mkuki wao hauna vifundo, na ncha imekatwa mshazari kama kalamu ya mwanzi tuliyoandikia chuoni. Mononchus ana kinywa kama pipa na jino moja kubwa ndani. Huyo anakula minyoo wenzake. Huyo ndiye paka wa shamba lako, na ndiye dawa ya dukani itakayemuua mwanzo.

Mpaka hapo umepata ukoo tu. Spishi, yaani mnyoo gani hasa ndani ya ukoo huo, ndiyo inayokesha watu. Kwa minyoo fundo tunamtoa jike nunduni, tunamkata sehemu ya nyuma kwa kisu kidogo, tunaisafisha na kuiweka kwenye gliserini. Ngozi ya hapo ina mistari kama ya mtu aliyepiga dole gumba kwenye hati. Mwaka 1949 Mmarekani Chitwood ndiye aliyeitumia mistari hiyo kuugawa ukoo ambao kabla yake wengi waliuhesabu mnyoo mmoja tu. Meloidogyne incognita ana tao lililopanda juu na kukaa kama mraba. M. javanica ana mistari ya ubavuni inayotenga juu na chini, kama mipaka ya shamba. M. arenaria tao lake ni la chini lenye mabega. M. hapla ana vidoti karibu na mkia, lakini huyo anapenda baridi, kwetu sitegemei kumkuta.

Na usidhani dole gumba linamaliza kesi. Majike watatu wa nundu moja watakupa sura tatu. Mimi sitii saini kabla ya kuangalia kumi, na siku hizi wenye uwezo wanapima vimeng'enya vya jike au vinasaba vyake, kwa sababu mistari inadanganya.

Utaniuliza mkulima wa tungule atafaidika nini na majina ya Kilatini. Utafaidika hivi: kama wako ni incognita au javanica, ukilipanda tuta hilo njugu nyasa kwa msimu mmoja, kwa kawaida wanakosa chakula na wanapungua. Lakini kama ni arenaria, baadhi yao njugu ni chakula chao hasa. Utakuwa umewapikia karamu. Pilipili nayo: incognita anaila, javanica mara nyingi anaikataa. Kwa hiyo nipatie mzizi mmoja wenye manundu, mbichi, ndani ya udongo wake, kabla hujaamua unapanda nini.

Kwa sasa ng'oa iliyougua pamoja na mizizi yake yote, ianike juani ikauke kisha uichome, usiitupe kwenye shimo la mbolea. Miche mipya iatike kwenye udongo wa pahala pengine. Na mbegu zenye herufi N kwenye pakiti, zile zinazosifiwa kuwa zinahimili minyoo fundo, zinunue ukipenda, ila ujue kinga yake hulegea udongo ukipita nyuzi joto 28. Kwetu hilo ni jambo la kila siku.

*Shikamoo Maalim. Ni mwanafunzi, Tunguu. Nimepewa mizizi ya migomba nitenganishe minyoo wa namna mbili, Radopholus similis na Pratylenchus. Ninachoona ni nyuzi tu zenye mkuki mfupi, zote sawa. Kitabu kinanipa hesabu za a, b, c na V, ndiyo kwanza nachanganyikiwa.*

Marahaba mwanangu. Hizo a, b na c aliziweka Mholanzi de Man katika karne ya 19, na si ngumu: urefu wa mwili ugawe kwa upana, kisha kwa urefu wa koo, kisha kwa urefu wa mkia. Ziandike, mwalimu atazitaka. Lakini kwa kazi yako anza na V, yaani tundu la uzazi la jike liko asilimia ngapi ya mwili kutoka kichwani. Likiwa karibu na katikati, hamsini na kitu, na ovari, vifuko vya mayai, zinakwenda pande mbili, una Radopholus. Likiwa limeshuka nyuma, sabini na zaidi, na ovari ni moja tu inayoelekea mbele, una Pratylenchus. Kisha tazama tezi za koo zinavyolalia utumbo: za Radopholus zinalala upande wa mgongoni, za Pratylenchus upande wa tumboni. Ukipata dume mwenye kichwa kilichotokeza kama kifungo na mkuki dhaifu, usiulize tena, ni Radopholus.

Kwenye sahani hiyo hiyo utakutana na mnyoo mwingine, Helicotylenchus. Jamaa zake wengi wakifa kwa moto hujikunja kama kamba iliyoviringwa, ila multicinctus wa migomba hujipinda nusu tu, kama mwezi mchanga. Na mnyoo mmoja mmoja usimvue kwa sindano ya kushonea, utampasua. Gandisha ukope wako mmoja kwenye njiti, huo ndio upondo wetu. Nimevulia ukope miaka 20.

Radopholus ukimpata usimdharau. Mtaalamu wa minyoo Cobb ndiye aliyemwandika mwaka 1893 kutoka migomba ya Fiji, na kule kisiwa cha Bangka aliteketeza mamilioni ya mipilipili manga. Anasafiri ndani ya machipukizi tunayopeana kwa wema. Kabla ya kupanda chipukizi limenye mpaka libaki jeupe bila doa, na ukiweza litie kwenye maji ya nyuzi 53 hadi 55 kwa dakika 20.

*Maalim, je, minyoo hao hao ndio wanaoingia tumboni mwa watoto wetu wanaocheza mchanga? Baba wa watatu, Bumbwini.*

Hapana. Mwenye mkuki wa kutobolea mizizi hana shughuli na mwanao. Ila ni jamaa. Chango ni nematodi, wanaoleta matende ni nematodi, na safura pia. Mtoto wa safura huishi kwenye udongo wenye unyevu na kivuli uliochafuliwa na kinyesi, na hupenya ngozi ya mguu. Faneli ya Baermann niliyoitaja juu ilitengenezwa kumtafuta huyo huyo, sisi wa mimea tuliiazima tu. Waache wacheze, ila karibu na choo na chini ya migomba wavae viatu.