Lambo la mita za ujazo 10,000 litamwagilia ekari ngapi?

Swali: Mhandisi, salamu kutoka Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Sisi ni kikundi cha wakulima 12, tuna ekari 10 kando ya kijibonde kinachopitisha maji wakati wa mvua tu. Mwenye ekskaveta anasema atatuchimbia lambo la mita za ujazo 10,000, nasi tutamwagilia nyanya ekari zote 10 kuanzia Desemba hadi Februari. Maji yatatosha? Na fedha zetu zitarudi?

Jibu: Hayatatosha, ndugu zangu, na nimefurahi mmeuliza kabla ya kumlipa.

Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10. Nyanya za kiangazi, ukichanganya siku za uchanga na siku za kuzaa, zichukulie milimita 4 kwa siku. Kwa siku 90 hizo ni mita za ujazo 3,600 kwa hekta, yaani kwa ekari mbili na nusu. Mkitumia mifereji ya udongo, karibu nusu ya maji hupotea njiani, kwa hiyo hesabuni 7,200. Ekari 10 zitataka kama 29,000.

Tena lambo la 10,000 halitoi 10,000. Jua la Januari hunyonya milimita 6 hivi kila siku, mengine hunywewa na ardhi, na ya chini kabisa ni tope lisilovutika kwa pampu. Mimi ningetegemea 7,000. Hayo yanatosha ekari mbili na nusu kwa mifereji, au ekari 4 na kidogo kwa mipira ya matone, inayodondosha maji shinani na kupoteza kidogo tu. Anzeni na ekari 4, kila mmoja theluthi ya ekari.

Wengi hunitajia skimu ya umwagiliaji ya Mubuku kule Kasese kama mfano wa kuiga. Ile inalishwa na mito Sebwe na Mubuku inayoshuka kutoka Rwenzori, na maji huingia shambani yenyewe bila pampu. Ninyi mna kijibonde cha msimu. Hali yenu ni nyingine kabisa.

Kabla ya ekskaveta kuwasha injini, chimbeni shimo la kina cha mita 2 pale pale. Chukueni udongo wa chini, uloweni, uviringisheni viganjani. Ukitoa kamba nyembamba kama penseli bila kukatika, mna udongo wa mfinyanzi, unaoshika maji. Kisha jazeni shimo maji jioni, yakinywewa jazeni tena, mpime kwa kijiti alfajiri. Maji yakishuka kwa zaidi ya upana wa kiganja, hapo mahali hapafai bila kushindilia mfinyanzi wa kuletwa.

Kuhusu fedha, nitatumia tarakimu za mfano, wekeni zenu. Tuseme lambo, pampu na mipira vimegharimu shilingi milioni 60. Kila ekari inauza milioni 6 kwa msimu, mbegu, dawa, mafuta na vibarua vikila milioni 3. Ekari 4 zinabakiza milioni 12. Toeni milioni 3 za matunzo, zinabaki 9, na mtaji unarudi kwa karibu miaka 7. Sasa bei ya nyanya ishuke kwa theluthi moja kwa sababu nyote 12 mmevuna wiki moja. Ekari inauza milioni 4, inabakiza 1. Baada ya matunzo mnabaki na milioni 1 kwa mwaka, na kama mlikopa, deni litawashinda. Ndiyo maana nawasihi mpande kwa zamu, wiki mbili mbili, na sehemu muweke vitunguu vinavyohifadhika.

Hizo milioni 3 za matunzo msiziguse kwa jambo lingine. Skimu ya mpunga ya Doho, Butaleja, ilijaa mchanga na tope la mto Manafwa mpaka mifereji ikaziba na ukarabati mkubwa ukahitajika. Lambo dogo hufa haraka zaidi. Nimewahi kusimama ukingoni mwa moja ambalo ng'ombe walikuwa wakiingia kunywa: kwato zilikuwa zimebomoa kingo zote, na bomba la pampu limelala juu ya tope kavu. Zungushieni ua, wekeni hori la ng'ombe nje kwa bomba, pandeni majani ya tembo upande maji yanakoingilia, na chimbeni kidimbwi kidogo cha kunasa tope ambacho mtakizoa kwa koleo kila mwaka. Njia ya kutolea maji ya ziada iwe pana na iwe na nyasi. Mwenye ekskaveta asipoionyesha kwenye mchoro, msitie saini.

Kuhusu kibali: kanuni za maji za Uganda zinakidai mkikinga zaidi ya mita za ujazo 400 kwa siku, na pampu ya injini nayo inaweza kukidai. Mvua moja kubwa italiingizia lambo zaidi ya hapo, kwa hiyo pitieni kwa ofisa wa maji wa wilaya kwanza. Kama kijibonde ni ardhi oevu, ofisa wa mazingira pia anahusika.