Jibu: Viroba vya taka kutoa maji, na soko la makopo

Umeuliza kwa nini viroba vyako vinanuka na kuchuruzika kabla gari la taka halijapita, na kama makopo ya maji (chupa tupu za plastiki) yananunuliwa hapa Dar. Shida iko jikoni. Maganda ya ndizi, ya viazi na mabaki ya ugali yana maji mengi; yakichanganywa na maboksi, vyote vinalowa na boksi halina mnunuzi tena. Tenga ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, chuja mchuzi kwanza, kisha kila ukimwaga maganda funika kwa maranda makavu. Majivu nayo yanafaa, ila yawe yamepoa kabisa.

Makopo yananunuliwa, kwa kilo. Yasuuze, toa vifuniko (ni plastiki ya aina nyingine), yakanyage yabonyee. Kopo lenye maji ndani mnunuzi atalikataa au atakata bei, na ana haki. Ya mafuta ya kula yaweke kando, yanachafua mzigo mzima.

Vioo vilivyovunjika vifunge ndani ya boksi na uandike juu kuwa ni vioo, maana wazoaji wengi hawana glavu. Nepi ziende na gari tu.