Maswali ya Wasomaji: Rota ya Turbaini Inaogopa Nini?

SWALI: Mimi ni fundi katika kiwanda cha sukari. Kila msimu wa kusaga miwa unapoanza, msimamizi wetu hutukataza kuifungulia turbaini mvuke kwa haraka. Hutungojesha saa nzima au zaidi huku rota, yaani mhimili wa turbaini wenye mapanga yanayosukumwa na mvuke, ikizunguka taratibu. Ikiwa rota hiyo ni ya feleji inayostahimili joto kali, inaogopa nini? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Msimamizi wenu hakosei. Kinachoiumiza rota si joto lenyewe, bali tofauti ya joto kati ya uso wake na kiini chake. Mvuke unapoifikia rota iliyolala baridi, uso hupata moto kwanza na kutaka kutanuka, lakini kiini ambacho hakijapata habari huuzuia, hivyo uso hubanwa na kiini huvutwa. Feleji ya mita 1 hurefuka takribani milimita 1.2 joto likipanda nyuzi 100 za Selsiasi; uso ukizuiwa kabisa usitanuke, nyuzi hizo 100 huzaa mkazo wa takribani megapaskali 340 (megapaskali ni kipimo cha mkazo). Kwenye mifereji inayoshika mapanga, penye kona kali, mkazo huo huongezeka maradufu au zaidi, na feleji hupinda kiasi kidogo ambacho hakirudi. Mtambo ukizimwa, mambo hugeuka: uso hupoa kwanza, ukavutwa. Banwa, vutwa, msimu baada ya msimu, hadi ufa uanze.

Katika miaka ya 1950, Wamarekani wawili, Coffin na Manson, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba umri wa metali katika hali hii hutegemea ukubwa wa mpindo huo usiorudi. Ukiupunguza kwa nusu, metali huvumilia mizunguko ya kubanwa na kuvutwa mara tatu hadi nne zaidi. Hiyo ndiyo faida ya saa mnayoiona imepotea.

Kiini nacho kina hatari yake. Mwezi Juni 1974, katika kituo cha umeme cha Gallatin, jimbo la Tennessee, Marekani, rota ya turbaini ilipasuka vipande wakati ikiwashwa kutoka baridi, baada ya kufanya kazi takribani saa 106,000 na kuwashwa mara zisizopungua 280. Nyufa zilianzia karibu na tundu la katikati, kwenye chembe za salfaidi ya manganisi, yaani uchafu wa salfa na manganisi, zilizobaki ndani ya feleji tangu ilipofuliwa. Zilikuzwa na kule kuwashwa mara kwa mara, pamoja na feleji kunyumbuka polepole kwa kukaa muda mrefu katika joto na mkazo. Tena feleji ya aina hiyo ikiwa baridi huvunjika kwa wepesi, ndiyo maana kiini nacho hungojewa kipate moto kabla ya kasi kupandishwa.

Turbaini za viwanda vya sukari kwa kawaida hupokea mvuke usiofika nyuzi 450, na huko kunyumbuka polepole si tatizo kubwa. Kwa hiyo daftari lenu liandike idadi ya kuwasha na kuzima, si saa za kazi pekee, na mifereji ya rota ikaguliwe nyufa kila turbaini inapofunguliwa.