Ghala Halikati Mti: Kwa Mnaoanza Utafiti wa Biashara na Bayoanuai

Kila msimu wa tasnifu huja na rasimu ileile. Ramani inapendeza, kipimo cha MSA (wastani wa wingi wa spishi ukilinganishwa na mazingira yasiyoguswa) kimekokotolewa hadi desimali ya tatu, na kampuni imeonekana haigusi msitu hata kidogo. Ukifungua jedwali la data, nukta zote ni za maghala. Jamani, ghala halikati mti.

1. Anzeni na mahali. Ndiyo hatua ya kwanza ya LEAP, njia ya hatua nne ya kutathmini uhusiano wa kampuni na mazingira asilia, katika mwongozo wa TNFD (kikosi kazi cha kimataifa kuhusu ripoti za kampuni juu ya mazingira asilia) uliotoka Septemba 2023, na ndiyo mnayoiruka mkikimbilia fomula. Kosa hili linauma kwa sababu halipigi kelele. Kampuni inakupa anwani ilizonazo: ofisi, kiwanda, kituo cha kukusanyia mazao. Mashamba yako ngazi mbili tatu nyuma, kwa wakulima ambao ofisa ununuzi hajawahi kuwaona. Ukichora duara la kilomita 10 kuzunguka kituo, na mazao yanatoka kilomita 60, umepima bayoanuai ya watu wengine. Programu haitalalamika, majibu yatatoka, na msimamizi aliyechoka atasaini. Linagundulika siku ya utetezi, mtahini anapouliza swali la maneno matatu: "Shamba liko wapi?" Hapo sura nzima inafutwa, na unarudi kwa kampuni ambayo ilishakuaga.

Fuata mali ghafi, usifuate ankara. Omba orodha ya wauzaji wa ngazi ya kwanza, waulize nao wananunua wapi, mpaka ufike kwenye mpaka wa shamba. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji misitu inadai viwianishi (latitudo na longitudo) vya desimali 6, na mashamba ya mazao yanayozidi hekta 4 yachorwe mpaka mzima. Jizoezeni kiwango hicho hata pale msipolazimishwa. Desimali 2 pekee, ukiwa kwenye ikweta, kila badiliko la tarakimu ya mwisho ni zaidi ya kilomita 1: shamba la mtu linaangukia mtoni. Nukta zikitua baharini, usiite mtaalamu. Umegeuza latitudo na longitudo.

2. Hesabu za kaboni zimewadekeza. Tani ya kaboni dioksidi ni ileile popote, lakini hekta ya kinamasi hailipwi kwa hekta ya nyika. Fuata mpangilio huu wa kushughulikia madhara: epuka, punguza, rejesha, ndipo fidia. Mnaanza na fidia kwa kuwa ndiyo yenye bajeti, tunawajua.

3. Pimeni kabla na baada, pamoja na eneo la kulinganishia, msimu uleule. Ukihesabu vyura kiangazi ukarudi masika, utausifia mradi kwa kazi ya mvua.

4. Haki ya kuchapisha hata majibu mabaya iandikwe kwenye mkataba kabla hela haijaingia. Kampuni isahihishe takwimu zake. Hitimisho ni lako.