Uliza Fundi wa Tairi: Mchanga hautaki rimu kubwa

Mwezi huu barua zimejaa mchanga. Nimechagua chache, ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu ndo inayobeba na hizo nyingine, kwahiyo hata kama gari yako sio Prado isome tu.

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Mimi niko Maskati, nina Prado 150 nimeinunua mkononi kwa mtu, yeye alishaivisha rimu za inchi 20 na tairi 265/50R20, kwa kweli gari inapendeza. Tatizo tukienda jangwa la Wahiba na jamaa zangu wenzangu wanapanda vilima vya mchanga mimi nabaki chini nachimba tu, na mara ya mwisho tairi ya mbele imetoka kwenye rimu kabisa. Kuna jamaa ananiambia dawa ni tairi pana, niweke 285 au hata 305. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hapana, usitoe hela yako kwenye upana, gari yako inakosa ubavu, yani ule mpira wa pembeni ulio kati ya rimu na ardhi.

Zisome vizuri hizo namba zako. 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 50 maana yake ubavu ni asilimia 50 ya huo upana, na 20 ni rimu kwa inchi. Kwahiyo ubavu wako wa mpira ni kama milimita 132 tu. Sasa hiyo Prado kiwandani inatoka na 265/65R17 au 265/60R18. Ukipiga hesabu, ya 17 ina ubavu wa milimita 172 na ya 18 ina 159. Alafu angalia kimo cha tairi nzima kutoka chini mpaka juu: ya 17 ni milimita 776, ya 18 ni 775, ya kwako ya 20 ni 773. Yani zote zina urefu ule ule, spidi mita wala haioni tofauti, kilichobadilika ni kwamba kwenye yako chuma kimekula nafasi ya mpira. Na kwenye mchanga kinachofanya kazi ni mpira, chuma hakikusaidii chochote pale.

Nieleze kwanini, mana watu wengi wanapunguza upepo kwa kuambiwa tu bila kujua kinatokea nini. Chukua Prado na watu ndani, tuseme kilo 2,400, kila tairi inabeba kama 600. Ukiwa na psi 35 (psi ndo kipimo cha upepo), kwa hesabu tupu tairi inahitaji kugusa chini sentimita za mraba kama 245 kubeba huo uzito. Shusha mpaka psi 16, inahitaji kama 530. Kiuhalisia inapungua kidogo kwasababu ubavu nao unasaidia kubeba, lakini umepata eneo linalokaribia mara mbili kwa kufungua valvu tu, hujanunua kitu. Na hilo eneo haliongezeki sana kwa upana, linaongezeka kwa urefu, mbele na nyuma, tairi inakuwa kama mnyororo wa katapila. Hapo ndo siri ilipo. Tairi pana yenye upepo mwingi inasukuma ukuta wa mchanga mbele yake, injini inalia tu, wakati tairi ya kawaida iliyolala vizuri inapita juu. Huu ujuzi sio wa leo wala jana, yule Mwingereza Ralph Bagnold alivuka jangwa la Misri na Libya na gari za Ford miaka ya 1920 na 1930, na kushusha upepo ilikuwa moja ya mbinu zake kubwa, na zile Ford zilikuwa na tairi nyembamba.

Sasa wewe na ubavu wa 132 ukishusha mpaka 16 mpira hauna pa kwenda, rimu inakaribia kugusa chini, ukikata kona kwenye mteremko wa kilima tairi inavutwa pembeni inatoka kwenye rimu. Ndo kilichokupata. Na ukiogopa ukabaki na 28 unakwama. Kwa hizo rimu hamna namba ya upepo itakayokuridhisha, utahangaika tu.

Tafuta rimu za 17, au za 18 kama ndo zinazopatikana, zile orijino za Prado zilizovuliwa na watu wanaotaka urembo, mara nyingi zinauzwa bei ya kawaida kabisa. Hakikisha ni tundu sita za nati kwenye duara la milimita 139.7, tundu la katikati ni milimita 106.1, upana wa rimu inchi 7.5 na ofseti, yani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapofungwa kwenye gari, iwe karibu na milimita +25 mpaka +30. Ofseti watu wanaidharau na ndo inayoamua kama tairi itasugua ndani au itatoka nje ya madigadi na kuua beringi mapema. Usiende 16 kwenye hiyo gari, breki za mbele ni kubwa, rimu itagusa kalipa, kile kinachobana diski ya breki. Na usiweke rimu pana sana eti tairi ikae kimichezo, tairi ikitanuliwa midomo yake, zile kingo zinazokaa kwenye rimu, inashika rimu vibaya zaidi ukishusha upepo. Hata gari za mashindano ya jangwani ya Dakar za daraja la T1+, tangu 2022 zinavaa tairi za inchi 37 lakini rimu zake ni 17 tu. Wangeweza kuweka rimu yoyote wale.

Za 20 zako usiziuze kama unazipenda, vaa mjini.

Kuhusu namba za upepo: pale Bidiyah, mji wa mlangoni mwa Wahiba, kabla hujaingia mchangani anza na 18, ukiona gari bado nzito nenda 16 au 15. 12 ni ya kujinasua tu, taratibu, bila kona kali, ukitoka unapandisha. Kama huna geji ya kuaminika pima hivi: gari ikiwa kwenye lami na upepo wake wa kawaida, chukua rula upime kutoka ukingo wa chini wa rimu mpaka ardhini. Tuseme umepata milimita 140. Toa upepo ukisikiliza valvu inavyopiga mluzi, pima tena, toa tena, ukifika 105 simama, yani robo imepungua, ubavu utauona umevimba chini na tairi imelala. Hapo mahali ni pazuri kwa mchanga mwingi. Na nenda asubuhi mchanga ukiwa bado umepoa na una umande, unashikana, ikifika saa saba mchana mchanga ule ule uliopanda asubuhi unakumeza. Ukianza kuzama usikanyage mafuta, toa mguu, rudi nyuma kwenye njia yako uliyokujia, tairi ikizunguka mizunguko miwili mitatu pale pale tumbo la gari linakaa chini na unaanza kazi ya koleo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni dereva wa utalii Arusha, gari yetu ni Land Cruiser ile ndefu ya kubeba wageni, inatumia 7.50R16 na rimu za ringi (zile zenye pete ya chuma inayotoka) zenye tyubu. Bosi anataka tuweke 285/75R16 ili isikwame kwenye makorongo ya mchanga kule Ruaha. Wewe unashaurije?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie bosi wako hiyo 7.50 sio tairi mbaya hata kidogo, ni ndefu, kama sentimita 80 hivi, na nyembamba, na wembamba wake ndo unaowaokoa kwenye ule udongo mweusi wa mbuga mvua ikinyesha, inakata tope inafika chini kwenye ugumu. Tairi pana inaelea juu ya tope inateleza nayo.

Tatizo lenu ni tyubu. Ukishusha upepo sana tairi inateleza kwenye rimu, tyubu inavutwa, shingo ya valvu inakatika, na mnabaki porini na wageni. Kwahiyo mnaogopa kushusha, mnaingia korongoni na upepo wa lami, mnakwama. Mkiweza wekeni rimu za kipande kimoja za inchi 16 na tairi zisizo na tyubu 235/85R16, kimo chake milimita 806, karibu sawa na mliyonayo, gia hazibadiliki, wembamba unabaki, na sasa mnaweza kushusha. Angalia gari yako ni ya tundu tano za 150 au ni ile ya zamani ya tundu sita, usinunue rimu kwa macho. Kingine kikubwa kwa gari ya abiria ni namba ya uzito ubavuni mwa tairi, tafuteni 120 ambayo ni kilo 1,400 kwa tairi moja. Gari yenu ikijaa watu na mizigo sio nyepesi, na tairi laini ya gari ya familia itapasuka ubavu kwenye mawe. Kwa huo uzito msishuke kama jamaa wa Maskati, 24 au 25 kwenye mchanga inatosha kuanzia, na kwenye zile rasta (mawimbi ya barabara ya vumbi) za kutoka geti la Loduare la Ngorongoro mpaka Serengeti mkishusha kidogo mpaka kama 30 wageni watawashukuru na shokapu pia.

285/75R16 ina kimo cha milimita 834. Inaongeza uzito, inasugua, inalazimisha injini ifanye kazi zaidi, na kwenye tope itawasumbua. Sioni faida.

Alafu hili nalisema kwa uzito wote: hizo rimu za ringi zikijazwa upepo ile ringi ikiwa haijakaa sawa inaruka na inaua mtu. Asisimame mtu mbele yake wala kuinama juu yake, ijazwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo uwe mrefu. Nimeona gereji za barabarani mtoto wa fundi ndo anakalia tairi likijazwa. Mkiona hivyo ondoeni gari yenu hapo.

SWALI: Fundi vipi, niko Nairobi, nina Subaru Forester SH ya 225/55R17. Tunapanga na mabeshte kwenda Marsabit, Kalacha, tuvuke jangwa la Chalbi mpaka North Horr then Loiyangalani. Niweke tairi gani, na hii gari itafika kweli?

JIBU: Poa sana. Mpaka Marsabit ni lami, hapo huna shida. Baada ya hapo mchanga sio adui wako mkubwa, mawe ndo adui. Kuelekea Ziwa Turkana kuna mawe ya volkano yenye makali, na ubavu wako wa milimita 124 ni mfupi kwa kazi hiyo. Forester za SH za kawaida zinatoka na 215/65R16, ubavu 140, kimo milimita 686 wakati yako ni 679, kwahiyo inaingia bila kusumbua spidi mita. Tafuta rimu za 16 za Subaru, tundu tano za 100, ijaribishe mbele kwanza kama inapita kalipa, kama ni ya turbo hasa, alafu weka tairi za AT (za njia mchanganyiko) na sio MT (za tope). MT yenye kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga chini) kubwa zilizoachana inachimba mchanga kama jembe, ni ya tope.

Spea yako angalia leo, kama ni ile nyembamba ya muda iache nyumbani, beba spea kamili, na kama kuna nafasi beba mbili. Kompresa ni lazima, ukishusha 20 mchangani ukafika kwenye mawe na 20 hiyo hiyo utapasua ubavu, na ubavu haushonwi.

Na Chalbi ikiwa imenyeshewa usivuke. Ule ni uwanja wa chumvi na tope uliokauka juu, ukiloa hamna saizi ya tairi inayokutoa. Uliza watu wa Maikona au Kalacha njia ikoje siku hiyo, na nendeni gari mbili.

SWALI: Hilux yangu inatumia 265/65R17, nimepata 285/70R17 za mtumba bei nzuri hapa Dodoma. Nichukue?

JIBU: Hapana. Kimo kinatoka milimita 776 kwenda 831, asilimia 7, spidi mita ikisoma 100 wewe uko 107, gari inapanda kama milimita 27 tu, na ukikata kona mpaka mwisho itasugua madigadi na bodi. Kwenye mchanga gia zinakuwa nzito. Ukitaka kubwa kidogo chukua 265/70R17, inaingia vizuri. Na hizo za mtumba tafuta neno DOT ubavuni, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata zinaweza kuonekana nzuri na mpira umeshakauka, ukishusha upepo ubavu unapasuka nyufa. Kunja kidogo kwa kidole gumba kati ya kashata, ukiona mistari midogo midogo muachie mwenyewe.

SWALI: Nikitoka mchangani na 16, nijaze ngapi? Nikijaza 35 kesho asubuhi nakuta 31.

JIBU: Kwasababu umejaza tairi ikiwa ya moto. Upepo unapanda kama psi moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, ikipoa inashuka. Ukitoka mchangani jaza 38 au 39, endesha taratibu mpaka nyumbani, asubuhi kabla hujawasha gari pima tena urekebishe hapo. Na usikimbie lami na 16 hata kilomita chache eti kituo cha mafuta kiko karibu, ubavu unajikunja kila mzunguko, unachemka, na tairi inapasuka ukiwa kwenye spidi. Endesha kilomita 30 kwa saa mpaka upate upepo.