Maswali na Majibu: Mnyama Aliyewahi Kuwa Mungu

Tangu nilipoanza kuandika kuhusu Katsute Kami Datta Kemono-tachi e, ile manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya njozi za giza inayotoka kwa jina la Maybe na iliyoanza kuchapishwa mwaka 2014 katika jarida la Bessatsu Shonen Magazine la kampuni ya Kodansha, maswali hayajakauka. Nimeyachagua yale ambayo majibu yake yanaweza kumfaa zaidi ya mtu mmoja. Walioniuliza kwa mara nyingine nani angeshinda kama Hank, mhusika mkuu wake, angepigana na mhusika wa manga nyingine wasipoteze muda kulitafuta swali lao humu.

Swali: Jina la manga hii lina maana gani hasa? Kwa Kiingereza naona linasomeka tofauti. (Msomaji, Tanga)

Jibu: Kwa Kijapani jina linasema, kwa karibu sana, "Kwa wanyama ambao hapo zamani walikuwa miungu". Lile neno fupi la mwisho, "e", ndilo Mjapani aliandikalo baada ya jina la mtu anapoanza barua, kwa hiyo manga nzima imepewa umbo la barua ambayo wanaoandikiwa wengi wao ni marehemu. Toleo la Kiingereza, To the Abandoned Sacred Beasts, limeongeza habari ya kuachwa au kutelekezwa, na kwa kufanya hivyo limemtafunia msomaji jambo ambalo alistahili kuligundua mwenyewe. Jina la asili linatwambia tu kwamba walikuwa miungu na sasa ni wanyama. Aliyewashusha hatajwi, nasi tunabaki kumtafuta.

Swali: Nimeangalia anime yote. Kuna haja ya kusoma manga? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Ipo. Studio ya MAPPA ilitoa katuni hiyo kwa vipindi 12 mwaka 2019, na vipindi 12 kwa hadithi hii ni baraza tu, nyumba yenyewe hujaiingia.

Swali: Kwa nini Hank anawaua wenzake badala ya kutafuta dawa ya kuwatibu? Mimi namwona ni msaliti, na sielewi kwa nini mwandishi anataka tumpende. (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Hili ndilo swali zito kuliko yote niliyopokea, na pia ndilo linaloulizwa ovyo kuliko yote, maana wengi hulitupa kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Turudi nyuma kidogo. Nchi ya Patria inagawanyika, Kaskazini dhidi ya Kusini, kwa mfano unaokumbusha waziwazi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865, isipokuwa kwamba mwandishi amegeuza mizani: katika vita vile halisi Kaskazini ndiyo iliyokuwa na watu wengi, lakini Kaskazini ya Patria imezidiwa idadi. Kwa kuzidiwa huko inakubali kazi ya Elaine Bluelake, mwanamke mwenye elimu ya kuwageuza askari wa kawaida kuwa viumbe wa hadithi za kale, huyu joka, huyu mnyonya damu, na Hank mwenyewe mtu aliye mbwa mwitu. Neno la Kijapani wanaloitwa askari hao limeunganisha maana tatu, kuiga, mungu na askari, na wananchi wanaowaona wakishinda vita wanalisahau lile la kwanza na la tatu.

Kisha amani inakuja. Miungu inarudi vijijini kwao kulima na kulea watoto, akili za kibinadamu zinaanza kuwatoka mmoja baada ya mwingine, na hapo jina linageuka likawa "mnyama". Elaine alikuwa ameliona jambo hili likija, akaazimia kuwaua wote kabla halijatokea. Cain Madhouse, mmoja wa askari hao, akamuua yeye. Kilichobaki ni ahadi ambayo kikosi kizima kiliapa zamani, kwamba atakayepoteza moyo wa kibinadamu atauawa na wenzake, wala hataachiwa wageni. Hank Henriette, aliyekuwa nahodha wao, anaitimiza ahadi hiyo, na kila anapoitimiza anapungukiwa na mtu mmoja zaidi aliyemjua kwa jina.

Mimi simwiti Hank msaliti, ingawa pia siko tayari kumtakasa. Nionavyo, serikali ya Patria ilikopa, na Hank ndiye anayelipa. Waliotoa amri ya kuwageuza binadamu kuwa silaha hawajawahi kuzuru kijiji hata kimoja kuwaeleza mama na watoto kilichompata baba yao. Unauliza habari za dawa. Katika sehemu za mwanzo za hadithi, kitu kilichoandaliwa kwa ajili ya askari hao ni risasi. Baadaye jeshi linaunda kikosi cha kuwawinda na kukiita Coup de Grâce, jina la Kifaransa la pigo la mwisho apigwalo aliye katika maumivu ili afe upesi. Angalia ujanja wa jina hilo, jinsi lilivyoyavika mauaji joho la huruma, kisha uniambie kama bado Hank ndiye unayetaka kumshitaki kwanza.

Ukitaka kujua mwandishi anasimama wapi, mfuate Nancy Schaal Bancroft. Baba yake aligeuzwa joka, akarudi kutoka vitani, akauawa na Hank. Binti anamfuata muuaji akiwa na bunduki ya kuulia tembo, na anaishia kusafiri naye. Habishani na mtu kama baba yake alikuwa hatari au hakuwa hatari. Anachotaka kukijua ni kwa nini ilibidi afe, na kila mnyama wanayemkuta njiani anamrudisha kwenye swali lile lile kwa sura nyingine. Wasomaji wanaoruka kurasa zake ili wafike haraka kwenye mapigano wanaisoma manga nyingine kabisa, na huenda hao ndio wanaoniandikia juu ya nani angeshinda.

Swali: Mwanangu ana miaka tisa na anapenda sana hadithi za wanyama. Je, hii itamfaa? Kama haifai, vipi ile manga nyingine ya wanyama, Beastars? (Mzazi, Kisumu)

Jibu: Hapana, na hapana.

Swali hili nimelijibu mara tatu mwaka huu, kwa hiyo mniwie radhi nikikosa upole. Tumelelewa kwenye ngano za Sungura na Fisi, tukazoea kwamba mnyama akisema basi msikilizaji ni mtoto. Katika Beastars wanyama wamevaa sare za shule, na kabla hujazizoea sura zao mwanafunzi mmoja, Tem wa jamii ya alpaka, amekwisha uawa na kuliwa na mwanafunzi mwenzake. Mzazi asihukumu kitabu kwa masikio marefu yaliyo kwenye jalada. Akisome kwanza kurasa hamsini yeye mwenyewe, na kama hana nafasi ya kusoma kurasa hamsini, basi asikinunue.

Swali: Mambo haya si ndiyo yale ya watu-simba wa Singida? Mbona tunawasifu Wajapani kwa kitu tulichokuwa nacho? (Msomaji, Singida)

Jibu: Ndugu, mwanzo wa swali lako ni mzuri kuliko mwisho wake. Hakuna anayegombea hati ya kumiliki mtu-mnyama. Kila bara linaye. Ila mfano ulioutaja unafaa kuliko unavyodhani. Katika mauaji ya Singida ya miaka ya 1940, watu walidaiwa kuvaa ngozi za simba na kuua kwa namna ambayo lawama ingemwendea simba, na ilisemwa kwamba baadhi yao walikuwa vijana waliofungiwa na kutumwa na watu waliowamiliki. Huko mashariki mwa Kongo, wakati wa utawala wa Wabelgiji, kulikuwa na anioto, watu-chui, walioua kwa makucha ya chuma. Katika visa hivyo ngozi huvuliwa, na asubuhi muuaji ni jirani yako. Askari wa Patria hana cha kuvua. Hata hivyo ukiacha ngozi na ukamtazama mtumaji, visa vyote vinakaribiana: nyuma ya mnyama yuko mtu asiye na hata doa la damu mkononi, na huyo ndiye ambaye wasimulizi wa pande zote mbili hawamtaji kwa jina.

Swali: Je, ni kweli kwamba wanyama wa Beastars ni mfano wa Waburaku wa Japani? Nimesoma kwamba ile namba 4 kwenye wayo wa Louis ni ushahidi. (Msomaji, Muscat)

Jibu: Kwanza tuwaweke sawa wasiojua. Waburaku ni Wajapani kama Wajapani wengine, kwa sura, lugha na damu. Wahenga wao katika enzi ya Tokugawa (1603 hadi 1868) walikuwa wachinjaji, watengenezaji wa ngozi na wazishi wa mizoga, na kwa sababu kazi hizo zilihesabiwa kuwa najisi wakasukumwa nje ya jamii. Amri ya mwaka 1871 iliwafutia hadhi hiyo kisheria, lakini majirani hawakuifuta, na mwaka 1922 wakaanzisha chama chao wenyewe cha kutetea haki, Suiheisha. Tusi mojawapo dhidi yao ni neno "nne", pamoja na ishara ya vidole vinne, yaani mwenye miguu minne, mnyama. Sasa Louis, kulungu mwenye pembe anayeheshimiwa na shule nzima, alinunuliwa utotoni kwenye soko haramu ambako alikuwa akiuzwa kama kitoweo hai, na alama aliyopigwa wayoni ni 4. Naelewa kwa nini watu wameruka.

Mimi siruki. Namba hiyo kwa Kijapani husomeka pia "shi", sauti ile ile ya neno la kifo, na maelezo hayo yanatosha kwa mtoto aliyewekwa sokoni ili aliwe. Tena ufafanuzi wa namna ya "wanyama hawa ni watu wale" una kasoro kubwa ambayo mashabiki hawapendi kuisikia: wala nyama wa Beastars kweli hula wenzao, ilhali waliotengwa katika ulimwengu wetu hawajamla mtu. Ukiushikilia mfano huo hadi mwisho utajikuta umesema kwamba hofu ya wabaguzi ina msingi.

Palipo na ukweli ni kwingine, nako wachache hupatazama. Paru Itagaki, aliyeichora manga hiyo katika Weekly Shonen Champion kuanzia mwaka 2016 hadi 2020, anamfanya Legoshi, mbwa mwitu aliye mhusika mkuu, ale mguu ambao Louis amemtolea kwa hiari, na kwa sababu hiyo Legoshi anaandikwa kuwa mwenye hatia ya kula nyama, hatia inayomzuia kumwoa mla majani. Manyoya na meno alizaliwa nayo na aliishi nayo shuleni. Kinachomfanya kuwa mtu wa pembeni ni karatasi. Hapo ndipo Mjapani anayeijua historia yake atakapokohoa, kwa maana mwaka 1975 iligunduliwa kwamba makampuni yalikuwa yakinunua kwa siri orodha za maeneo ya Waburaku ili yawachuje waombaji kazi, na familia nazo zilikuwa na desturi ya kupeleleza asili ya mchumba kabla ya ndoa. Sisemi kwamba mchoraji alikusudia hilo, ila kuanzia kwenye karatasi kuna faida kuliko kuanzia kwenye wayo.

Swali: Kwa nini unaandika "mbwa mwitu" wakati mbwa mwitu ni yule mwenye madoa wa mbugani kwetu? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Kwa sababu Biblia ya Kiswahili imekwisha lifanya neno hilo libebe wote wawili, kwa wale manabii wa uongo waliovaa mavazi ya kondoo nao kwa ndani ni mbwa-mwitu wakali. Legoshi ni mbwa mwitu wa kijivu, wa nchi za baridi, na msomaji anayejua kusoma picha hatamchanganya na yule wa madoa. Nisichokikubali ni pendekezo la wengine kwamba tumwite fisi, maana fisi wetu amebeba uchawi, ulafi na kicheko, mizigo ambayo Legoshi masikini hawezi kuibeba pamoja na ile yake.

Swali: Nipe mahali pa kuisoma bure. (Wasomaji wengi mno)

Jibu: Sitoi. Mnaosoma kurasa zilizoibwa na kutafsiriwa na mashine ndio pia mnaoniuliza kwa nini majina ya wahusika hubadilika kila baada ya sura tatu.

Swali: Nachora manga yangu mwenyewe ya watu-fisi waliofukuzwa mjini kwa sababu hufukua makaburi. Nimekwisha chora kurasa arobaini za vita. Unanishauri nini? (Kijana, Mombasa)

Jibu: Hongera kwa kurasa arobaini, wengi huishia kwenye jalada. Ila umeanza mwishoni. Wasomaji wako wote wanajua fisi anavyouma. Hawajui fisi wako ananunua wapi sabuni, nani anakubali kumpangisha chumba, na mwenye duka anamwekea chenji mkononi au anaitupa juu ya meza. Katika Beastars yuko kuku aitwaye Legom, mwanafunzi, anayetaga mayai yanayotiwa kwenye sandwichi za mkahawa wa shule, na ambaye anajivunia kwa dhati kwamba yai lake ndilo tamu kuliko yote. Hakuna vita katika kisa hicho, na bado kimenikaa kichwani kuliko mapigano mengi ya manga hiyo, kwa kuwa katika kurasa chache kimenionyesha mji mzima unavyokula na unavyojifanya haujui unachokula. Fisi wako naye ana hakika sababu ya kwenda makaburini. Pengine hakuna mwingine anayekubali kazi ya kuzika, na mji ulimlipa kwa kazi hiyo kabla ya kumfukuza. Mchore kwanza siku anapokwenda kudai ujira wake, kisha unitumie ukurasa huo, nami nitausoma kabla ya ile arobaini.