Kombe la 1988 ni la nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi na mjomba wangu tunabishana tangu Ijumaa. Nimemwambia Wimbledon waliotwaa Kombe la FA mwaka 1988 ndio MK Dons wa leo, kwa sababu timu ilihamishwa na kubadilishwa jina. Yeye anasema kombe ni la AFC Wimbledon. Nani mkweli? Na hivi kweli mwenye timu anaweza kuibeba tu akaondoka nayo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa makaratasi umesema sawa. Kwa mengine yote mjomba wako amekushinda, na nitakueleza kwa nini mimi niko upande wake.

Wimbledon ilianzishwa mwaka 1889, na tangu 1912 uwanja wake ulikuwa Plough Lane, kusini-magharibi mwa London. Ilikuwa timu ya mtaa hasa. Iliingia kwenye ligi ya kulipwa mwaka 1977, na kufikia 1986 ilikuwa tayari daraja la kwanza. Miaka miwili baadaye ikaifunga Liverpool 1-0 pale Wembley. Lawrie Sanchez alifunga kwa kichwa, kisha kipa Dave Beasant akapangua penalti ya John Aldridge. Kabla ya siku hiyo hakuna kipa aliyewahi kuokoa penalti katika fainali ya Kombe la FA Wembley.

Balaa lilianzia uwanjani. Baada ya maafa ya Hillsborough ya 1989, mashabiki walipokufa kwa msongamano uwanjani, timu kubwa zilitakiwa ziwe na viwanja ambavyo watazamaji wote wanakaa vitini, na mmiliki, Sam Hammam, akaona Plough Lane hakufai. Mwaka 1991 wakahamia Selhurst Park kama wapangaji wa klabu ya Crystal Palace. Hammam aliuza eneo la Plough Lane, na timu ikaishia mikononi mwa matajiri wawili wa Norway, Røkke na Gjelsten. Timu isiyo na kwao ni rahisi kuihamisha. Mei 28, 2002 tume ya watu watatu iliyoteuliwa na FA, chama cha mpira cha England, ikaruhusu kwa kura mbili dhidi ya moja ihamie Milton Keynes, mji ulioko kiasi cha kilomita 90 kutoka Wimbledon. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana, ilimradi wakubwa wa mpira waridhie. Tume hiyo ilisema hata kwamba mashabiki kuunda klabu yao mpya hakungekuwa kwa masilahi ya mpira kwa jumla. Neno hilo linaniuma hadi leo.

Mashabiki wakaiunda, wakaiita AFC Wimbledon. Ndani ya wiki chache walitangaza kwamba anayejua mpira aje afanyiwe majaribio Wimbledon Common, ambako watu hutembeza mbwa. Wakaanzia daraja la tisa.

Mimi nilikuwa Kingston, jirani na Wimbledon, wakati huo, naosha vyombo jikoni. Mwenzangu kwenye sinki alikuwa mzee wa Kiingereza, mkimya, aliyekuwapo Wembley 1988. Jumamosi moja ya mwaka 2003 akanichukua hadi Kingsmeadow ilikochezea timu hiyo mpya, uwanja mdogo ambao tungeweza kuufikia kwa miguu. Alilipa kiingilio chake na changu. Tulipopita getini palikuwa na kijana ameshika ndoo ya plastiki ya michango. Mzee akageuza mifuko ya koti, akamimina sarafu zote, hata nauli. Nikamuuliza tutarudi vipi. Akasema, "Kwani tumekuja na nini?" Tukarudi kwa miguu, skafu yake ya buluu na njano shingoni, mvua inanyesha.

Timu hiyo ilicheza mechi 78 za ligi bila kufungwa, na mwaka 2011 ikarudi kwenye ligi ya kulipwa, miaka tisa tu tangu izaliwe. Wenye klabu ni wanachama, kupitia chombo chao kinachoitwa Dons Trust. Ukilipa ada ya mwaka una kura moja, na mwenye mamilioni naye ana hiyo hiyo moja.

Sasa kuhusu ubishi wenu. Klabu iliyohamia Milton Keynes ilielemewa na madeni, ikanunuliwa na kundi la mfanyabiashara Pete Winkelman, na mwaka 2004 ikaitwa MK Dons. Lakini mwaka 2007 MK Dons wenyewe walizikabidhi kumbukumbu za ushindi wa zamani, pamoja na nakala ya Kombe la FA, kwa halmashauri ya Merton, ambako Wimbledon ipo. Historia yao wanaihesabu tangu 2004. Wenyewe wamekiri, mwanangu. Mwombe mjomba radhi.

Novemba 3, 2020 AFC Wimbledon walirudi Plough Lane, kwenye uwanja mpya ulio karibu kabisa na ule wa zamani. Walitoka 2-2 na Doncaster, bila watazamaji kwa sababu ya korona. Usiku ule mzee wangu alinipigia simu. Alikuwa anaitazama mechi kwenye televisheni, dirisha wazi na baridi yote ile, akitumaini labda upepo utamletea sauti za wachezaji.